Ufunguo wa nati za usalama za magurudumu umepotea: nifanyeje bila kuharibu rimu?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliowahi kukutwa na jambo hili. Nina gari nililolinunua likiwa limekwisha kutumika, na katika kila gurudumu ipo nati moja isiyofanana na nyingine: kichwa chake ni cha mviringo, na usoni kina mfereji uliopindapinda ambao spana ya kawaida haiwezi kuushika. Tairi la mbele linapoteza upepo polepole. Jana nilipotaka kulifungua ndipo nilipogundua kwamba ule ufunguo maalumu, yaani kipande kifupi cha chuma kinachokaa kati ya nati na spana, haumo katika vifaa vya gari, na aliyeniuzia anasema hakumbuki kuuona. Fundi mmoja amependekeza tuikate nati kwa kisagio. Rimu ni za aloi nami naogopa kuziharibu. Je, ipo njia nyingine?

Jibu la kwanza

Ndugu, usikubali kukata chochote kabla ya kutafuta kwa utulivu, kwa sababu ufunguo huu huwekwa mahali ambapo mtu hafikirii. Angalia ndani ya droo ya dashibodi, chini ya kiti cha mbele, katika mfuko wa kitabu cha gari, na hasa ndani ya shimo la tairi la akiba, ambako mara nyingi huwa umefungwa kwenye kifuko kidogo au umepachikwa katika sponji inayoshikilia jeki. Kisha zungukia magurudumu yote manne na kuyatazama kwa tochi, kwani hutokea fundi akausahau ukiwa umeng'ang'ania kwenye nati yenyewe. Kama matairi yalibadilishwa karibuni, uliza pia katika gereji ilikofanyika kazi hiyo, maana huenda umebaki ndani ya soketi yao.

Ukishindwa kuupata, tafuta namba. Nati nyingi za aina hii hutolewa pamoja na kadi au kibandiko chenye namba ya mchoro wake, na kwa namba hiyo mtengenezaji wa nati anaweza kukuuzia ufunguo mwingine. Ikiwa kadi nayo haipo, nenda kwa wakala wa gari la aina yako, kwa kuwa baadhi yao wana seti ya funguo za majaribio na wanaweza kuulinganisha mmoja baada ya mwingine na uso wa nati yako mpaka upatikane unaoingia. Chukua hati za gari, kwani unaweza kuulizwa kama wewe ndiye mwenye mali.

Jibu la pili

Mimi ni fundi, na ninakubaliana na aliyenitangulia. Nitaeleza tu hatua ya mwisho, endapo namba haitapatikana.

Kisagio si chombo cha kazi hii. Nati imezama ndani ya tundu la rimu, na huwezi kuifikia bila kuikwaruza aloi. Kinachotumika ni soketi maalumu ya kung'olea, ambayo ndani yake ina meno yaliyopinda kinyume cha uelekeo wa kukaza, hivyo kadiri unavyoizungusha ili kulegeza ndivyo inavyozidi kuiuma nati. Hupigwa kwa nyundo mpaka ishike, kisha huzungushwa kwa mpini mrefu bila papara. Kazi hii ianze gari likiwa limesimama juu ya ardhi na magurudumu yamewekewa vizuizi, wala si juu ya jeki. Vaa miwani ya kinga, nasisitiza hili, kwa sababu chuma kilichokomazwa kikipigwa kinaweza kurusha kipande chembamba kitakachokuingia jichoni. Kumbuka pia kwamba baadhi ya nati zina pete ya nje inayozunguka bure ili kumshinda mwizi, na kwa hizo soketi hiyo haitashika kitu hadi pete iondolewe kwanza.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Ufunguo nimeupata, na kwa kweli ulikuwa kwenye gurudumu la nyuma, umejibana ndani ya nati. Nimeuvuta kwa koleo nao haukutikisika hata kidogo.

Jibu la tatu

Usiuvute zaidi. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pale unapokutana na nati, uyaache yapenye, kisha ugongegonge ubavuni kwa nyundo ndogo, huku na huku, ukiweka kipande cha mbao ili rimu isiguswe. Ukigoma, jaribu kuifungua nati ukiwa humohumo: kama inazunguka, itoe nati pamoja na ufunguo, kisha uvitenganishe ukiwa umevibana kwenye jiliwa.

Mara nyingi kinachosababisha hali hii ni bunduki ya hewa, yaani mashine ya gereji ya kufungulia na kukazia nati. Mchoro wa ufunguo ni mwembamba, na mapigo ya bunduki huuzamisha au kuuvunja meno, ndiyo maana nati hizi zinapaswa kufunguliwa na kukazwa kwa mkono, ufunguo ukiwa umekaa wima na kuzama wote. Ukiutoa, usafishe na uyachunguze meno yake kwa makini. Yakiwa yamelika au yana ufa, agiza mwingine sasa hivi kwa kutumia namba, ambayo huenda imechongwa ubavuni mwake, wakati ufunguo huu wa kwanza bado unaweza kufungua mara moja au mbili.

Jibu la pili (nyongeza)

Kwa gari lako, ningezitoa nati zote nne za usalama na kuweka za kawaida, kwa kuwa tairi likipasuka usiku njiani, ufunguo wenye meno mabovu hautakusaidia. Hakikisha nati mpya zina kipimo kilekile cha uzi na umbo lilelile la makalio, yaani sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu, kwani yenye makalio ya koni haikai sawasawa kwenye rimu iliyotengenezewa makalio ya duara. Zikaze kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kuruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala nayo, ukifuata kiwango cha kitabu cha gari lako, ambacho kwa magari mengi madogo huwa kati ya niutoni mita 90 na 140. Baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100, zipime tena zote.