CG125 iliyolala banda la pwani: kufufua tu, kufungua yote, au kuweka injini ya Kichina?

Tukutuku_la_Babu
Wakuu salaam. Naomba ulinganisho kwa wanaoijua kazi. Honda CG125 ya zamani, ya platini (swichi ndogo ya kukata umeme wa plagi), umeme wa volti 6, imelala bandani Raskazone, Tanga, bahari unaisikia ukiwa kitandani. Kiki haishuki kabisa. Tenki ukilitikisa linalia kama njuga. Nikeli ya rimu imeota malengelenge, aluminiamu ya injini ina unga mweupe. Fremu ina kutu ya juu juu tu, na kadi ipo.

Njia ninazoziona: (A) kuifufua iende, mengine baadaye, (B) kufungua injini yote na kurudishia spea za asili, (C) kununua injini nzima ya Kichina ya CG na kuifunga kwenye fremu hii. Kazi ni ya nyumbani: nina spana, bisibisi, fila (vibapa vya kupimia mwanya) na chaja ya betri. Ipi ina mantiki?

Fundi_Barabara_ya_9
Mkuu, unachagua mchumba hujamwona sura. Kwanza jua kilichoshika ni nini. Kwa pikipiki iliyolala pwani, mara nyingi ni ringi zilizogandana na silinda kwa kutu. Hapo uko A au B. Kama ni beringi za krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, zimeliwa, ndipo C inaanza kuzungumzika.

Kabla ya spana yoyote, ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa mfuko wa nailoni, uioshe kwa maji ya bomba, mengi. Chumvi ikibaki kwenye nyuzi za bolti, oili utakayomwagia juu yake inaifungia humo humo. Ianike siku nzima.

Kisha toa plagi, mimina mililita 50 hivi za mchanganyiko wa nusu dizeli nusu oili ya gia otomatiki, iache siku tatu huku ukiongeza kidogo kila jioni. Kiki usiiguse. Ukiikanyaga kwa hasira, kinachovunjika ni meno ya gia ya kiki, na kuifikia hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Fungua kifuniko cha kushoto, weka spana kwenye nati ya sumaku, sukuma mbele na nyuma kidogo kidogo. Nguvu iwe upande wa kukaza. Upande wa pili nati italegea wewe ukidhani pistoni imesogea. Ikicheza milimita mbili tu, umeshinda, endelea kuongeza oili.

Skrubu za vifuniko ni za nyota ya Kijapani, pembe zake si za bisibisi ya kawaida. Ya kawaida inapanda juu na kukila kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya kugonga, igonge na nyundo ya kilo moja, na skrubu zote ukirudishia badili kwa bolti za aleni. Asili au si asili, hapo usibishane.

Kaskazi_na_Kusi
Mimi ni wa C bila aibu. Injini hizi za bodaboda nyingi zimetokana na CG hiyo hiyo ambayo Honda waliitoa 1976: silinda milimita 56.5 kwa mwendo wa pistoni wa 49.5, cc 124, kamu chini kwenye kasha la krenki na pushirodi (fimbo za kusukuma valvu) kupanda juu. Nyingi zinakaa kwenye bolti za fremu ya asili. Unapata injini mpya, CDI (kifaa cha kuwasha plagi bila platini), umeme wa volti 12, taa inayoonyesha njia. Jumamosi moja kazi imeisha.

Mkonge_125
Yakhe, Jumamosi moja unaifunga, miezi mitatu unaihangaikia. Ukiweka injini ya volti 12 kwenye waya za volti 6 unabadili betri, balbu zote, honi, flasha, rektifaya, na waya za kuelekea CDI na koili. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo kuna safari ya TRA, mamlaka ya mapato, kuibadilisha. Bei ya injini ni mwanzo tu wa bei.

Halafu jihadhari na namba ya aina ya injini, 156FMI. Wauzaji wanakuambia "ni ya CG, ona namba". Namba hiyo inasema silinda moja, kipenyo 56, ya kupozwa na hewa, kundi la 125. Haisemi kama ni ya pushirodi au ya cheni ya taimingi. Zote mbili zinagongwa 156FMI, na bloku zake haziingiliani. Dawa ni macho: bloku ya CG ina tundu la kupitisha pushirodi mbili, ya cheni ina pango refu ubavuni. Na ukiona 162FMJ hiyo ni ya 150, silinda 62, shati lake (bomba la chuma ndani ya bloku) ni nene. Kuliingiza kwenye kasha la krenki la 125 ni mpaka uchonge.

Ushauri wangu: fungua juu tu, yaani hedi na bloku, upime. Bei ya gasketi mbili ndiyo itakayokuambia A, B au C.

Kupima bila geji ya silinda: chukua ringi ya juu, hata kuukuu inafaa, iingize ndani ya silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila ukiwa milimita 10 kutoka chini ya silinda, mahali ambapo ringi huwa hazifiki. Andika. Isogeze juu, pale chini kidogo ya ukingo wa kaboni, pima tena. Toa kipimo cha chini kwenye cha juu, kisha gawa kwa 3.14. Ukipata milimita 0.55 juu na 0.30 chini, tofauti 0.25, silinda imeliwa 0.08. Kwa CG kipenyo kipya ni 56.50, na ukifika 56.60 huna ujanja, unakereza silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi.

BintiMuheza
Wote mmeruka tenki, na ndilo litakalomrudisha bandani. Kutu ya tenki inapita koki, inaziba jeti ndogo ya kabureta, pikipiki inawaka kwa choki na kuzima ukiifunga. Watu wanafungua kabureta mara tano kabla hawajalitazama tenki.

Njia za kulisafisha, kwa mpangilio wa ninavyoziamini:

Ndimu ya unga, ile asidi ya kiwandani (citric acid). Gramu 80 kwa lita ya maji ya moto, jaza mpaka shingoni, saa 12 hadi 24. Inakula kutu na kukiacha chuma. Machungwa yetu ya Muheza kunywa mwenyewe, kwa tenki ni machache mno makali yake.

Umeme. Hapa chaja yako inafaa. Magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Usitumie magadi ya mawe ya kuchemshia maharage, yana chumvi ndani na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Hasi kwenye tenki, chanya kwenye kipande cha nondo kinachoning'inia katikati bila kugusa chuma cha tenki popote, kishike kwa kizibo cha mbao. Kila saa tatu nne toa nondo uikwangue. Usitumie chuma cha pua, kinatoa sumu kwenye maji. Na fanyia nje kwenye upepo: povu lile ni hidrojeni, cheche moja ya klipu inatosha. Zima chaja kwanza ndipo uguse waya.

Siki nyeupe. Inafanya kazi ila polepole, siku tatu hadi tano, na inataka lita kumi.

Kokoto na cheni ndani ya tenki: inatoa magamba makubwa tu. Itangulie, isiwe ndiyo kazi yenyewe. Hesabu vipande vya cheni unavyoingiza.

MtiMkavu
Dada, mbona asidi ya kusafishia vigae umeiacha? Nusu saa tenki linang'aa kama sahani.

BintiMuheza
Linang'aa nusu saa, kesho lina rangi ya chai. Asidi ya chumvi inakula chuma kizuri pamoja na kutu, na mvuke wake unaotesha kutu kwenye kila kitu kilichomo chumbani, spana zako zikiwemo. Tenki lenye kutu ya miaka lina sehemu nyembamba tayari, hasa pembeni mwa koki na kwenye mshono wa chini ambako maji hutuama. Asidi kali inazitoboa hizo kwanza.

Asidi yoyote ile, hatua inayoharibu ni ya mwisho. Ukishamwaga, suuza mara moja na maji yenye baking soda, vijiko vinne kwa lita tano, kisha maji safi, kisha nusu lita ya spiriti uzungushe ili itoe maji yote. Kausha kwa dryer ya nywele, halafu papo hapo nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili kidogo, ulizungushe tenki pande zote. Ukienda kula kwanza, utarudi ukute utando wa rangi ya machungwa umeshaota. Kwa unyevu wa Tanga dakika kumi zinatosha.

Dawa ya kupaka ndani ya tenki mimi siipendi. Ikiachiwa mafuta kidogo chini yake inabanduka vipande vipande na kuziba koki. Kwa tundu dogo, risasi ya kulehemu kwa pasi inatosha. Anayetaka kulichomelea kwa moto, alijaze maji mpaka pale pale panapochomewa, maana tenki tupu la petroli ni bomu hata likiwa limekaa miaka.

Tukutuku_la_Babu
Asanteni. Pistoni imesogea siku ya nne, na bloku imetoka. Mwanya wa ringi: juu 0.60, chini 0.30. Krenki haina mchezo wa juu na chini kwenye konrodi (mkono unaoiunga na pistoni). Ila kuna alama mbili nyeusi za mviringo ndani ya silinda, pale ringi zilipolala. Kucha inakwama kidogo.

Mkonge_125
Tofauti 0.30 gawa 3.14 ni 0.095, uko ukingoni. Na alama za kutu zinamaliza mjadala: ukirudishia ringi mpya kwenye mashimo hayo, zitaliwa na oili itapanda. A imekufa. Krenki ikiwa nzima, C nayo haina sababu.

Una mawili. Kukereza na pistoni kubwa, au bloku mpya ya Kichina na pistoni yake. Pistoni iliyozidi ya asili kwa 0.25 inaondoa 0.125 tu kila upande, kwa hiyo kama shimo linashika kucha sawasawa nenda 0.50 moja kwa moja, usije ukakereza mara mbili. Nunua pistoni kwanza, pini yake iwe 15, ndipo upeleke bloku. Mkerezaji apime pistoni yenyewe, si maandishi ya boksi: kipimo kichukuliwe milimita 10 juu ya ukingo wa chini wa sketi (sehemu ya chini ya pistoni), upande usio wa pini. Aache nafasi ya 0.03 hadi 0.04. Ikibana zaidi, inashika kwenye mlima wa kwanza injini ikipata moto. Ikilegea, inagonga asubuhi. Mwishoni lazima apitishe mawe ya kusugulia silinda, mistari ya kukatana. Silinda laini kama kioo haizoei ringi.

Bloku ya Kichina ni rahisi na ya haraka, ila chuma cha shati lake hutofautiana sana kutoka boksi moja hadi jingine. Ya asili imekaa miongo, shati lake limeshatulia. Ningekereza.

Kaskazi_na_Kusi
Sawa, kwa krenki nzima nakubali. Lakini platini msimwachie.

Fundi_Barabara_ya_9
Platini aiache, ni kazi ya nusu saa. Zisugue kwa msasa laini wa 600, pangusa kwa spiriti, mwanya milimita 0.35. Zikiungua tena baada ya wiki, shida ni kapasita, badili hiyo. Valvu 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo.

Mnachosahau wote: CG haina filta ya oili ya kubadilisha kama gari. Ina wavu chini, na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki upande wa klachi, kinachotupa uchafu pembeni kwa kasi. Kwenye injini iliyolala, kikombe hicho kimejaa tope gumu kama lami. Ukiwasha bila kukisafisha, oili mpya inalilainisha tope na kulipeleka kwenye beringi ya konrodi, ile ile aliyosema haina mchezo. Fungua kifuniko cha kulia, kikombe kina skrubu tatu, kwangua kwa kijiti cha mti, osha kwa mafuta ya taa. Oili lita moja, yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili ya pikipiki), maana klachi inaogelea humo humo. Oili ya gari inaitelezesha.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, piga kiki ishirini ili oili ipande.

Tukutuku_la_Babu
Na rangi? Nilitaka kuanza nayo mwezi huu wakati bloku iko kwa mkerezaji.

BintiMuheza
Mwezi huu mvua ya masika, kaka. Unyevu ukiwa juu, rangi ya kupuliza inaweka utando mweupe kama maziwa. Subiri kusi ishike, upulize saa nne hadi saa tisa, umande umeondoka na chuma kimeshapata joto. Fremu isugue, uioshe tena kwa maji safi, praima siku hiyo hiyo. Ukilala na chuma kitupu Raskazone, umesugua bure.

Na shingo ya fremu, pale namba ya chesi ilipogongwa, sugua kwa mkono na msasa mwembamba, usipitishe grainda wala bodifila. Namba ikifutika, kadi uliyonayo haitakusaidia kitu.