Je, Froome alistahili kumsubiri Wiggins katika Tour de France ya 2012?

MpandaVilima aliuliza:

Salaam, wadau. Kila ifikapo Julai na mbio za baiskeli za Tour de France kuanza, mabishano kuhusu mwaka 2012 hufufuka, nami ningependa tuyajadili hapa kwa utulivu. Mwaka ule Bradley Wiggins alikuwa Mwingereza wa kwanza kufika Paris akiwa mshindi wa jezi ya njano, ile inayovaliwa na anayeongoza kwa jumla ya muda wa hatua zote, na msaidizi wake katika timu ya Sky, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akamaliza wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma yake.

Lakini milimani sote tuliona nani alikuwa na nguvu zaidi. Katika hatua ya 11, kwenye mpando wa La Toussuire, Froome alichomoka zikiwa zimesalia takribani kilomita nne, Wiggins akashindwa kumfuata, kisha sauti ya Sean Yates, mkurugenzi wa timu yao, ikamfikia Froome redioni naye akapunguza mwendo. Katika hatua ya 17, kuelekea Peyragudes, Alejandro Valverde wa timu nyingine alikuwa mbele peke yake na bado alikuwa anashikika, lakini Froome alizitumia kilomita za mwisho kugeuka nyuma na kumpungia Wiggins mkono aongeze kasi. Valverde alishinda kwa sekunde 19.

Je, Froome alinyimwa Tour ambayo ilikuwa haki yake, au alitimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya? Na kama ninyi ndio mngekuwa ndani ya gari la timu siku ile, mngemruhusu aende?

Fundi Spoki:

Mkuu, naomba tuanze na hesabu, kwa sababu katika Tour ya mwaka ule hapakuwa na sekunde za nyongeza kwa washindi wa hatua, na kwa hiyo pengo lote baina ya wawili hawa linaweza kufuatiliwa siku kwa siku. Siku ya utangulizi kule Liège, Wiggins alimzidi Froome kwa sekunde 9. Kesho yake, kuelekea Seraing, tairi la Froome lilipata pancha karibu na mwisho naye akapoteza dakika 1 na sekunde 25. Katika mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja huendesha peke yake na kupimwa muda, za Besançon alipoteza sekunde 35, na katika zile za Chartres alipoteza dakika 1 na sekunde 16. Froome naye alimpunguzia Wiggins sekunde 2 aliposhinda La Planche des Belles Filles, na 2 nyingine La Toussuire. Jumlisheni na kutoa, mtapata dakika 3 na sekunde 21 kamili.

Ukitazama hesabu hiyo, utaona kwamba Wiggins aliishinda Tour kwa saa, katika mwaka ambao waandaaji waliweka zaidi ya kilomita 100 za mbio za aina hiyo. Kilomita nne za mpando huchukua dakika kumi na kitu. Hata Froome angeachiwa aende zake La Toussuire, sioni angewezaje kupata zaidi ya dakika moja pale, na Peyragudes pungufu ya hapo. Nguvu alikuwa nazo, lakini njia iliyochorwa mwaka ule haikumpa mahali pa kutosha pa kuzitumia.

Bint_Tanga:

Kaka Fundi, hesabu yako ni sahihi, ila inapima yale yaliyotokea tu, wakati swali linahusu yale yaliyozuiwa. Dakika ambazo mtu hakuruhusiwa kuzitafuta haziwezi kuonekana kwenye jedwali. Zaidi ya hayo, kule Chartres Froome aliingia barabarani akijua kwamba nafasi ya kwanza si yake na ya pili haichukuliki, ilhali Wiggins alikuwa akitetea jezi. Watu wawili wenye mioyo tofauti namna hiyo hawawezi kulinganishwa kwa sekunde peke yake.

Nawakumbusha pia Vuelta a España, mbio kuu za Hispania, ya 2011, kwa sababu ndiko kisa hiki kilikoanzia. Froome alifanya kazi ya Wiggins hata kwenye mpando mkali wa Angliru, siku ambayo Juan José Cobo aliwaacha wote wawili na kutwaa jezi nyekundu ya kiongozi. Mwishoni Froome alikuwa wa pili kwa sekunde 13 na Wiggins wa tatu. Cobo alivuliwa ushindi huo mwaka 2019 kwa kosa la dawa na Froome akatangazwa mshindi, lakini miaka minane ilikuwa imepita. Kwa hiyo alipoambiwa La Toussuire arudi nyuma, alikuwa tayari anaijua bei ya kusubiri.

Na wale wanaomwona kuwa mpole asiye na makali, hawamjui. Huyu alifunzwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu akiwa kijana, na mwaka 2006, alipotaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, aliandika maombi ya kujisajili kwa kutumia anwani ya barua pepe ya shirikisho la Kenya bila idhini. Amelisimulia mwenyewe jambo hilo. Mtu wa namna hiyo hatii kwa woga. Alitii kwa kuwa alipima, na ninaamini alitulizwa kwa ahadi kwamba zamu yake itafika.

Mzee wa Limuru:

Wanangu, neno ahadi ndilo la kushika hapa. Mwaka 1985 Greg LeMond alikuwa katika kundi la mbele kuelekea Luz Ardiden, huku kiongozi wake Bernard Hinault, aliyekuwa amevunjika pua kwa kuanguka Saint-Étienne, akitaabika nyuma. LeMond aliambiwa asiongeze kasi, na akaambiwa Hinault yu karibu kuliko alivyokuwa kwa kweli. Hinault alishinda Tour ile kwa dakika 1 na sekunde 42. Akaahidi kumsaidia LeMond mwaka uliofuata. Lakini 1986 ilipofika alikuwa yeye wa kwanza kushambulia, akachukua jezi ya njano na kumwacha mwenzake zaidi ya dakika tano nyuma. LeMond alilazimika kuipigania Tour hiyo dhidi ya mtu wa timu yake, na ule mkono walioshikana juu ya Alpe d'Huez haukuponya chochote.

Stephen Roche hakungoja ahadi ya mtu. Katika Giro d'Italia, mbio kuu za Italia, ya 1987, siku ya Sappada, alimshambulia Roberto Visentini, mwenye jezi ya waridi ya kiongozi na mwenzake wa timu ya Carrera, akaamriwa aache, akakataa. Alishinda Giro, lakini alimaliza mbio zile akitukanwa na mashabiki wa Italia kando ya barabara.

Sasa mtazameni Wiggins. Alikuwa zao la mbio za uwanjani, mtu wa mwendo uliopangwa, aliyepanda mlima kwa nguvu ileile kutoka chini hadi juu. Mwaka ule alikuwa ameshashinda mbio za Paris–Nice, Romandie na Dauphiné kwa njia hiyo. Mabadiliko ya ghafla ya kasi yalimuumiza mwili, na naamini yalimuumiza moyo zaidi, hasa yakitoka kwa mtu aliyevaa jezi kama yake. Tena msisahau kwamba baada ya hatua ya 11 mpinzani wao Vincenzo Nibali alikuwa dakika 2 na sekunde 23 tu nyuma yake, nao mpando wa La Toussuire haukuwa mkali kiasi cha kumnyima mtu faida ya kukingiwa upepo. Wiggins aliyeachwa peke yake angekuwa mawindo ya Nibali. Ningekuwa ndani ya gari lile, ningepiga redio kama alivyofanya Yates.

MpandaVilima:

Shikamoo, Mzee. Nimekuelewa kuhusu La Toussuire. Kinachonikera bado ni Peyragudes. Siku ile Nibali alikuwa ameachwa nyuma, milima mirefu ilikuwa imekwisha, na jezi haikuwa hatarini tena. Kwa nini asingeachiwa hatua moja? Mwaka 2023 timu ya Jumbo-Visma ilikutana na jambo kama hilo kwenye Vuelta: Primož Roglič na Jonas Vingegaard walimwacha Sepp Kuss pale Angliru akiwa na jezi nyekundu, wakambakizia sekunde 8, lakini baada ya hapo timu ikaamua kumlinda, na msaidizi aliyewatumikia wote wawili mwaka mzima akaibuka mshindi mbele yao.

Bint_Tanga:

Marahaba kwa mfano huo, kaka, ingawa Kuss alikuwa tayari na jezi mwilini. Froome hakuwahi kuivaa mwaka 2012, na ni vigumu zaidi kudai kitu ambacho hujakishika. Kuhusu Peyragudes nakuunga mkono kikamilifu. Hatua ile alistahili kuachiwa, na kule kugeuka nyuma mara kwa mara mbele ya kamera nakuona kama ujumbe wa makusudi kwa waajiri wake kuhusu mwaka uliofuata.

Fundi Spoki:

Na ujumbe ulifika, dada. Mwaka 2013 Froome alikwenda Ufaransa akiwa kiongozi pekee, Wiggins hakushiriki, na kazi ya kusubiri ikamwangukia mwenzake wa timu, Richie Porte. Katika hatua ya 18, walipopanda Alpe d'Huez mara mbili siku moja, Froome aliishiwa sukari mwilini, na Porte akarudi kwenye gari la timu kumchukulia chakula ndani ya kilomita ambazo kanuni zilikataza. Wote wawili walitozwa sekunde 20 za adhabu, Porte akaendelea kumvuta hadi juu, na Froome akashinda Tour yake ya kwanza kati ya nne.