UKOO WA MZEE HAMISI 🌴 (watu 23)

*Jumatano*

Mwajuma, 18:02: Assalaam alaykum. Narudia mara ya tatu. Salma anarudi Dharamsala Ijumaa usiku, kwa wale watoto wa Tibet. Kila nyumba 20,000. Mwisho kesho saa mbili usiku, namba ni ile ile ya Fatma.

Mwajuma, 18:03: Watu 19 mmesoma. Nawaona.

Idi, 18:20: Waalaykum salaam. Tibet si China? Salma si yuko India anasoma famasia?

Salma, 18:24: Shikamoo Mjomba. Dharamsala ni India, huku milimani, usiku mmoja kwa basi toka Chandigarh. Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Tibet, alikimbilia India 1959 na watu wake wengi wakamfuata. Mei 1960 wakaletwa watoto 51 kutoka kambi ambako wazazi wao walikuwa vibarua wa barabara. Wamekonda, wagonjwa. Dada mkubwa wa Dalai Lama, Tsering Dolma, ndiye aliyewalea. Alipofariki 1964 akashika mdogo wao, Jetsun Pema, hadi 2006. Ndiyo kikawa kijiji cha watoto, wanaita TCV.

Mwajuma, 18:25: Umeona? Kaka anapewa heshima, kazi wanafanya dada.

Idi, 18:25: Dada Mwaju usianze.

Zuhura, 18:31: Wote yatima?

Salma, 18:33: Si wote da Zuu. Wengine wana baba na mama, wako Tibet. Walivushwa milimani wadogo waje wasome. Siku hizi wanaovuka ni wachache sana, tangu 2008 mpaka umekazwa. Wanakaa nyumba nyumba, kila nyumba na mama yao, wanamwita amala. Kama SOS pale Zanzibar.

Salma, 18:35: Nyumba niliyoingia miswaki yote ina namba, na mataulo pia. Amala alikuwa anafunga momo, watoto wamezunguka meza, mdogo kabisa kazi yake kunyunyiza unga.

Idi, 18:36: Momo ndiyo nini

Salma, 18:36: Kama sambusa lakini ya mvuke. Na chai yao wanatia siagi na chumvi.

Idi, 18:37: Chai ya chumvi! Huo ni mchuzi uliosahau samaki 😂

Bakari, 18:37: 😂😂😂

Idi, 18:38: Mwulizeni Rajabu, chai ya chumvi anaijua tangu Muheza

Zuhura, 18:38: Ya Muheza tuyaache jamani 😂

Mwajuma, 18:39: HELA.

Salma, 18:44: Kuna kabinti ka miaka saba hivi kalinikalia mapajani, kakawa kanahesabu misuko yangu. Kalipofika 42 kakaniuliza mama yako yuko wapi. Nikasema Tanga. Kakauliza, unampigia simu? Nikasema kila siku. Kakanyamaza, kakaanza tena moja.

Fatma, 18:45: Mwanangu.

Mwajuma, 18:52: Ndiyo maana nasema. Nimepanga sweta 30, na bango KUTOKA UKOO WA MZEE HAMISI, TANGA. Watoto walishike, Salma apige picha, tuitundike sebuleni kwa Baba.

Zuhura, 18:55: Nyumba 9 mara 20,000 ni 180,000. Sweta ya 6,000 ni ya mwanasesere?

Idi, 18:58: Kabla ya sweta, ile hela ya turubai la arobaini ya Mama iliishia wapi? Tulichanga, turubai likaja na tundu.

Mwajuma, 18:59: Idi. Risiti niliiweka humu humu.

Idi, 18:59: Uliweka risiti imekunjwa penye jumla.

Bakari, 19:01: Na tundu lilikuwa juu ya sufuria la pilau 😂

Mwajuma, 19:03: *Ujumbe huu umefutwa*

Fatma, 19:04: Nimeuwahi kuusoma, Dada.

Salma, 19:10: Mama Mkubwa, ofisi walinieleza: vitu vipelekwe kwao wagawe wenyewe, asipate mmoja mwenzake akakosa. Na picha za watoto hawataki zizagae mitandaoni. Mwenye wazazi kule, sura yake ikionekana, wazazi wanaweza kusumbuliwa.

Mwajuma, 19:12: Picha moja tu. Tanga na China wapi na wapi.

Babu, 19:31: 🎤 1:26

Zuhura, 19:33: Spika yangu mbovu, nani aandike

Fatma, 19:47: Baba anasema: "Mwajuma, bango acha. Mama yangu alipofariki nilikaa kituoni miaka mitatu, ndipo Ami akaja kunichukua. Hilo sijapata kuwaambia. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja na pipi. Tunavalishwa, tunapangwa, tunaambiwa tucheke, tunapigwa picha. Leo nina miaka 78, picha yangu ya utotoni sina hata moja. Ziko kwa watu nisiowajua majina. Salma akienda akakae na huyo mtoto amalize kuhesabu."

Mwajuma, 21:38: Sawa Baba. Bango hakuna.

Idi, 21:40: Baba, kituo gani?

Idi, 22:15: Nimetuma 20. Ya turubai bado nadai.

Mwajuma, 22:16: Imeingia. Nyumba tatu kati ya tisa.

*Alhamisi*

Rajabu, 05:48: Nani kafa? Mnachanga za nini?

Zuhura, 06:30: Panda juu usome, Mjomba.

Rajabu, 06:31: Jumbe zote hizo? Nifupishieni.

Idi, 06:33: Chai ya chumvi.

Rajabu, 06:33: Mmeanza tena na Muheza.

Salma, 12:05: Shikamooni. Leo naenda dukani, linafungwa saa mbili, kwenu saa kumi na moja na nusu. Ninunue sweta au madaftari? Na ni za nyumba ngapi?

Zuhura, 12:20: Madaftari.

Mwajuma, 12:20: Sweta.

Bakari, 12:41: *[Picha: waridi jekundu, "Alhamisi njema yenye baraka tele"]*