Samoni wa mwanzo wa msimu: navulia ukingoni, Jumamosi tatu sijapata hata mmoja

Mgebuka wa Kigoma:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mtoto wa Kigoma, mshipi nimeushika kabla sijajua kusoma. Sasa naishi kusini mwa Seattle, na tangu Aprili ianze naenda mto Cowlitz, hapahapa jimbo la Washington, sehemu iitwayo Blue Creek, kutafuta samoni wa masika, wale wakubwa waitwao Chinook, pamoja na stilihedi, yaani trauti wa kwenda baharini na kurudi mtoni. Boti sina, nasimama ukingoni.

Jumamosi tatu naondoka nyumbani saa tisa usiku, narudi mikono mitupu. Natumia kijiko kikubwa cha kung'aa, kile chambo bandia cha chuma, nakitupa mbali kadiri ya nguvu zangu, karibu na ng'ambo. Maji ni mengi na ya baridi sana. Kinachoniuma ni mzee mmoja aliyekuwa chini yangu kidogo: kanasa wawili asubuhi moja, na mshipi wake ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye buti zake! Mwanangu wa miaka kumi ninayekwenda naye ameanza kuniuliza kama mto huu una samaki kweli. Nakosea wapi?

Kaka wa Longview:
Pole ndugu yangu. Huyo mzee amekujibu tayari. Maji yakiwa mengi, samaki anayepanda kutoka baharini hapambani na mkondo wa katikati, atachoka bure. Anapita pembeni, penye kina cha mita moja na nusu hivi, maji yakienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tafuta mstari unaotenganisha maji ya kasi na maji yaliyotulia. Njia yake ni hapo. Wewe umekuwa ukimtupia kijiko mgongoni kwake, tena pengine umesimama majini palepale alipotaka kupita. Anza kuvua ukiwa nchi kavu, tupa karibu kwanza, kisha ongeza umbali kidogo kidogo.

Halafu punguza kasi. Hawa wakishaingia mtoni hawali kama kawaida, samoni hasa. Wanadonoa kwa hasira au kwa mazoea ya zamani, na kwenye maji ya baridi hawakifukuzi chambo. Kipeleke mdomoni. Mimi hutumia chelezo na mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi, chambo kikielea kama sentimita 40 juu ya mawe. Ukipenda kuburuza chini, chagua chubwi linalogusa mawe mara mojamoja. Likikwama kila mara ni zito mno, na usipolisikia kabisa ni jepesi. Na nawa mikono. Harufu ya petroli kwenye mayai inaharibu siku nzima.

Mama Neema:
Kaka Mgebuka, hongera kwa kumchukua mtoto, ila mvalishe jaketi la kuokolea hata akiwa amekaa tu ukingoni. Huko juu kuna mabwawa ya Mossyrock na Mayfield, na yakiachia maji mto unapanda wakati nyote mnatazama chelezo. Wewe nawe, kama unaingia na ile suruali ya mpira, kaza mkanda kiunoni ili ukianguka isijae maji.

Jambo jingine, kabla ya kila safari soma kanuni za siku hiyo za idara ya samaki ya jimbo, kwa sababu hubadilishwa katikati ya msimu. Samaki wa kutotoleshwa hukatwa akiwa mdogo lile pezi nyororo lililo kati ya pezi la mgongo na mkia. Ukilikuta lipo zima, huyo ni wa asili, mwachie, tena usimtoe majini hata kwa picha. Nawaona watu wakiwalaza kwenye changarawe nasikia uchungu kabisa.

Trauti wa Nyeri:
Ndugu Kigoma, jipe moyo. Stilihedi ni yuleyule trauti wa upinde wa mvua tunayemvua kwenye mito ya Mlima Kenya, tofauti ni kwamba yeye ameenda baharini akarudi. Nilichojifunza nyumbani kinafaa hapo: nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji ya kupumzikia. Usilipite.

Mgebuka wa Kigoma:
Nimerudi, wapendwa. Jana sikugusa maji hadi kukapambazuka. Nilifunga chelezo, nikatupa hatua tano tu mbele yangu, nikakiacha kishuke na maji. Mara ya sita au ya saba kikazama. Nilidhani ni jiwe! Majirani wote walikunja mishipi yao kunipa nafasi, jambo ambalo sikulitegemea kwa watu wasionijua. Stilihedi, ubavu wa fedha, na pezi lake lipo zima. Mwanangu ndiye aliyeliona kwanza. Tulimgeuzia kichwa kwenye mkondo, akatulia kidogo, akaondoka.

Chakula cha jioni kilikuwa wali na maharage, na mtoto hakuuliza tena lile swali lake. Kaka wa Longview, hayo mayai unayatia chumvi kwa siku ngapi?

Kaka wa Longview:
Usiku mmoja tu kwenye friji, yakishikana kama gundi yako tayari. Jumamosi nitakuwa Blue Creek saa kumi na moja alfajiri, nitakuletea kopo. Mtoto pia mchukulie kadi yake ya kuandikia samaki. Leseni hahitaji kwa umri wake, kadi anaihitaji.