Tupeane uzoefu: programu huria za kukokotoa umbali kwenye ramani, mwenzetu unatumia ipi?

Mwanamkoani: Assalaam alaykum jamani. Waliowahi kukokotoa umbali kwa programu za bure njooni. Yaani unaipa kompyuta pwani, kisima au barabara, na kila nukta ya ramani inaambiwa iko mbali kiasi gani na kilicho karibu nayo. Naanza mie. Nilitaka umbali wa nyumba za shehia yetu hadi ufukweni. QGIS, programu huria ya ramani, ndani yake kifaa kiitwacho Proximity cha GDAL (maktaba ya kuchakata data za ramani), kazi ikaisha. Ila usipobadilisha kipimo, jibu linatoka kwa pikseli, yaani idadi ya vijisehemu vya picha. Na ukikibadilisha huku ramani ikiwa ya digrii, unapata digrii. Hapa kwetu Zanzibar hushtuki upesi, maana tuko karibu na ikweta: digrii ya mashariki na ya kaskazini zote ni kama kilomita 110, kwa hivyo sura ya ramani haipindi. Geuza kwanza iwe EPSG:32737, mfumo wa ramani wa eneo letu unaopima kwa mita, upate mita.

MtotoWaDarajani: Mie natumia SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, amri yake distance_transform_edt. Mbio kweli kweli, na umbali ni kamili, si wa kukisia. Ila inapima kutoka penye namba isiyo sifuri kwenda penye sifuri iliyo karibu. Pwani ukiipa 1 na kwengine 0, karibu ramani nzima inarudi sifuri, mtu anaanza kuilaumu laptopu. Na ukubwa wa pikseli uutaje kwenye kigezo cha sampling.

BintiWete: Hizo zote zinapima mstari ulionyooka, na Pemba mstari ulionyooka unadanganya. Pwani yetu hori tupu. Kijiji unakiona ng'ambo, adhana yake unaisikia, lakini kwa miguu unalizunguka hori zima. Nilipotafuta akina mama wanatembea kiasi gani kufika kliniki, nikaingia scikit-fmm, maktaba nyengine ya Python. Imejengwa juu ya mbinu aliyoichapisha James Sethian mwaka 1996: mpaka unaanzia kwenye chanzo na kusonga nje, na nukta yenye muda mdogo inafungwa kwanza. Gridi yote nikaipa 1, kliniki -1, mpaka ukaanzia pale namba hizo zinapokutana; bahari nikaiziba kwa masked array (jedwali lenye nukta zilizofichwa) ya NumPy, maktaba ya majedwali ya Python, mpaka ukaizunguka wenyewe. Halafu amri yake ya travel_time, inayotoa muda wa safari, inapokea kasi ya kila nukta: barabarani kilomita 5 kwa saa, kwenye mikoko 1. Kliniki iliyoonekana ya jirani ikashindwa na ya kijiji chengine!

MtotoWaDarajani: Shoga, na picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, mradi wa kupiga ramani visiwa vyetu, hiyo scikit-fmm inazimudu? Laptopu yangu ina RAM ya GB 4.

BintiWete: Usijaribu zikiwa nzima. Punguza hadi pikseli ya mita 10, kwa mtembea kwa miguu inatosha.

Mwanamkoani: Na bamvua je? Maji yakitoka kuna hori watu wanavuka kwa miguu.

BintiWete: Ndiyo maana nimetoa ramani mbili. Ya maji kujaa, bahari imezibwa. Ya maji kupwa, nimeifungua ile sehemu inayokauka na kuipa kasi ndogo, tope si mchezo.