Tupeane uzoefu: breki ya nyuma ya pikipiki ilipogoma kushika, tatizo ulilikuta wapi?

Mwanzisha mada, Lushoto

Ndugu wadau, salaam. Mwezi uliopita nilikuwa nateremka kutoka Soni kwenda Mombo nikiwa na gunia la viazi nyuma. Nilipokanyaga breki ya mguu, kanyagio kilizama hadi mwisho na pikipiki haikupunguza mwendo hata kidogo. Nilifika chini kwa msaada wa gia ya pili na breki ya mbele, mikono ikitetemeka.

Lililoniuma zaidi ni kwamba katika siku kumi zilizotangulia fundi alikuwa amekaza nati ya breki mara tatu, na kila mara breki ilishika siku mbili kisha ikalegea, nami nikaamini kwamba nati ndiyo inayojifungua. Tulipotoa tairi tukakuta viatu vya breki, ambavyo madukani tunaviulizia kwa jina la breki shuu, vimelika hadi chuma, na chuma hicho kimechimba mifereji ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi ambamo viatu hukaa. Habu yangu ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha milimita 110, na ndani yake imeandikwa ukomo wa 111; ya kwangu ilikuwa imeshaupita, kwa hiyo viatu vipya peke yake visingenisaidia.

Dalili ilikuwa nje muda wote. Kwenye mkono mfupi unaozungusha kamu, kile chuma kinachogeuka na kuvipanua viatu, kuna mshale, na kwenye kifuniko cha habu kuna alama. Mtu akikanyaga breki na mshale ukaifikia alama ile, viatu vimekwisha. Sikuwahi kuutazama. Wenzangu, ninyi mlianzia wapi?

Fundi, Morogoro

Pole sana, kaka. Mimi huanza kwa kusimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikazungusha tairi kwa mkono mmoja na kubonyeza kanyagio kwa mkono mwingine, huku macho yangu yakifuata nguvu inakopita. Kanyagio kikienda na chuma cha kuvutia breki kisiende, kasoro iko mbele, kwenye pini au bushi ya kanyagio. Chuma kikivutika na mkono wa kamu usizunguke, meno ya mkono huo yamelika au boliti yake imelegea. Vyote vikienda na tairi likaendelea kuzunguka, hapo ndipo ninapofungua habu, si kabla.

Kuna ujanja mmoja ambao ningependa uachwe kabisa. Nati ikifika mwisho wa uzi, baadhi yetu tunauchomoa mkono wa kamu na kuurudisha jino moja nyuma ili tupate nafasi ya kukaza tena. Mteja anaondoka akifurahi, lakini mshale hauonyeshi ukweli tena, na kamu inaweza kuzunguka kupita kiasi, ikalala, na kuvishikilia viatu vikiwa vimepanuka, tairi likajifunga njiani.

Mdau wa Kilwa

Huku kwetu pwani adui ni chumvi. Breki yangu ilikuwa inashika asubuhi na kufikia mchana haina nguvu, na kila nikisimama nasikia harufu ya kuungua. Nilipoisogelea habu kwa kiganja, joto lake lilinirudisha nyuma. Kamu ilikuwa imeshika kutu katika tundu lake, kwa hiyo nikikanyaga inageuka, nikiachia hairudi, na viatu vinasuguana na habu safari nzima. Niliitoa, nikaipiga msasa laini, nikapaka grisi nyembamba sana, kiasi cha kulainisha tu. Viatu vyenyewe vilikuwa vimeng'aa kama kioo, nikavibadilisha.

Bodaboda mstaafu, Tabora

Grisi nyembamba, narudia maneno ya mdau wa Kilwa. Mimi niliijaza kwenye beringi kwa nia njema, ikayeyuka na kuingia kwenye viatu. Nilishauriwa niviloweke kwenye petroli na kuvichoma moto. Nikafanya hivyo, vikashika kwa siku moja, halafu mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakarudi juu. Habu unaweza kuiosha na kuipiga msasa. Kiatu kilichokunywa mafuta ni cha kutupa.

Mdau wa Wundanyi, Kenya

Yangu ni ya diski, na mteremko wa kwenda Mwatate ulinifundisha. Kanyagio kilikuwa kigumu juu mlimani, kikawa laini kama sponji katikati ya kona, na baada ya kupumzika nusu saa kikarudi kuwa kigumu. Fundi wa kwanza alitoa hewa, lakini wiki iliyofuata hali ikajirudia.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yangu. Nilikuwa na tabia ya kuegemeza mguu kwenye kanyagio, hivyo diski ilipata moto bila mimi kujua. Na mafuta ya breki yalikuwa na umri wa miaka mitatu. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani: ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo chake cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea.

Mdau wa Tukuyu

Niongeze dogo. Mziba pancha alinirudishia tairi akasahau boliti ya ule mkono unaokizuia kifuniko cha habu kisizunguke. Nilipokanyaga breki mara ya kwanza, kifuniko kilizunguka pamoja na tairi na kukipinda chuma cha breki kama waya. Tangu siku ile, nikitoka kuziba pancha naitikisa boliti hiyo kwa vidole kabla ya kulipa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru, wakuu. Fundi wa Morogoro, nimefunga habu na viatu vipya, lakini breki inashika upande mmoja na inalia. Je, nivisubiri vijizoeshe?

Fundi, Morogoro

Kwanza legeza nati ya ekseli, mtu akanyage breki kwa nguvu na aishikilie, kisha uikaze ekseli breki ikiwa bado imeshikwa, ili viatu vikae katikati ya habu. Baada ya hapo rekebisha kanyagio kicheze milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, uendeshe bila mzigo kwa siku kadhaa, na utuambie kama kelele imebaki.