Mrejesho: oili ya difu iliyokuwa inageuka chai ya maziwa
Wakuu nimerudi na mrejesho, niliuliza kwanini oili ya difu ya nyuma (zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha matairi) inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa kila nikitoka Liwale kipindi cha mvua, gari ni Land Cruiser HZJ75. Sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, nilishabadilisha mara mbili, hela imeenda bure.

Mlioniambia niangalie briza, ile ya kupumulia difu, Mungu awabariki sana. Nimelala chini na tochi nikaiona juu ya ekseli, kikofia kidogo kimezibwa na tope kavu hata kukizungusha hakichezi, sasa difu ikiwa ya moto ukazama kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupitia sili.

Nikaitoa, nikafunga nepo (kibomba kidogo cha kuchomekea mpira) na mpira wa mafuta mpaka juu nyuma ya taa, mwishoni filta ndogo ya pikipiki. Mpira uacheni ulegee pale kwenye ekseli maana inapanda na kushuka, wangu wa kwanza ulichomoka. Briza ya difu ya mbele nayo nimeipandisha mpaka kwenye injini.

Oili nimemwaga nikaweka mpya. Juzi nimevuka maji ya magotini mara nne, leo asubuhi nimefungua nati ya kujazia nikachovya kidole, oili safi kabisa, nimefurahi mno.